Spika za marehemu baba zinakwaruza, fundi kasema nitupe

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Chumbageni hapahapa Tanga. Baba alituachia spika mbili za sebuleni, maboksi ya mbao, kila moja ina woofa ya inchi 10 na twita ndogo juu, nyuma zimeandikwa 8 ohm. Mwezi uliopita tulizitoa tukapigia mziki kwenye harusi ya dada, usiku uleule moja ikaanza kukwaruza kama mtu anakuna bati, na ya pili twita haitoi kitu. Nimefungua kitambaa cha mbele nikakuta pembeni ya woofa zote mbili pamekwisha, ukigusa unabaki unga mweusi kidoleni. Fundi mmoja kaniambia zimekufa, nitupe ninunue woofa mpya. Naweza kutengeneza mwenyewe nyumbani? Na nitumie gundi gani?"

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Jibu lenyewe kwanza alafu maelezo yafuate: usitupe kitu. Huo unga mweusi uliobaki kidoleni ndo habari njema kwenye maelezo yako yote, maana umeniambia kilichokufa ni sponji ya pembeni, na sponji ndo kitu rahisi kubadilisha kuliko vyote ndani ya spika. Ila swali la gundi umeliwahisha mno. Gundi inakuja mwishoni kabisa. Naletewa spika kila siku hapa zilikuwa na ugonjwa mmoja, mwenyewe akakimbilia gundi, zinanifikia zina magonjwa matatu na mawili hayatibiki.

Ujue kwanza unashika nini. Woofa ndo ile kubwa ya besi, twita ndo ile ndogo ya sauti nyembamba. Koni, ile karatasi nyeusi, imeshikiliwa sehemu mbili. Mbele pembeni inashikwa na sponji, na nyuma inashikwa na kitambaa kigumu cha mikunjomikunjo kama marinda ya sketi, sisi mafundi tunakiita spaida. Katikati kwa nyuma kuna kibomba kimezungushiwa waya mwembamba, hiyo ndo koili, na imezama kwenye upenyo wa duara ndani ya sumaku. Upenyo ule ni mwembamba sana, nafasi kati ya koili na chuma haifiki milimita moja kila upande. Sponji ikiisha koni inabaki imeshikwa nyuma tu, inayumba kama ngalawa iliyovunjika mrengu, koili inagusa chuma, ndo huo mkwaruzo unaousikia. (Muundo huu wa koili na koni waliuelezea Wamarekani wawili wa General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, mwaka 1925, na mpaka leo spika nyingi duniani ni hivohivo, kwaiyo usiogope, hakuna uchawi humo ndani.)

Na kwanini sponji imeisha wakati mzee alikuwa anazitunza? Ni plastiki ya poliurethani ile, adui zake ni unyevu na joto, na sisi watu wa pwani vyote viwili tunavyo mwaka mzima, masika ndo usiseme. Kwa kawaida inakaa miaka 10 mpaka 20 alafu inaanza kunata, kisha inakatika vipandevipande, hata kama spika haijapigwa kabisa. Harusi ya dada haikuiua. Ilikuwa imeshakufa kitambo, ile sauti kubwa ya usiku mmoja imemalizia tu, usianze kumlaumu shemeji, kama ndo yeye aliyeshika voliumu. Twita ni kesi nyingine, hiyo shemeji anaweza kuwa na lawama yake, nitafika huko.

Sasa kabla hujanunua chochote fanya vipimo vitatu. Dakika kumi zinatosha na ndo zitakwambia kama spika inafaa kuhangaikiwa.

Cha kwanza ni mkono na sikio. Toa woofa kwenye boksi (piga picha nyaya kwanza ipi imekaa wapi, naomba usiruke hili), ilaze mezani uso juu. Weka vidole vya mikono miwili kwenye koni, pande mbili zinazoelekeana, karibu na kile kikofia cha katikati, alafu sukuma chini taratibu kwa nguvu sawa, iachie, sukuma tena. Inamisha sikio. Koili ikiwa salama inashuka kimyakimya kabisa. Ukisikia "khrr", sogeza vidole robo duara, sukuma tena. Kama mkwaruzo unakuja upande mmoja tu na ukisukuma kwa kuielemeza upande wa pili unapotea, hiyo koili iko salama, imepoteza katikati tu, na sponji mpya itairudisha. Kama unakwaruza kila upande au koni haishuki kabisa, imeganda, basi ama koili imeungua ikavimba ama kutu na uchafu vimeingia kwenye upenyo. Hapo kazi imekuwa kubwa.

Cha pili ni mita, ile ya kupimia umeme. Kama huna, azima, kila mtaa wa Ngamiani hukosi fundi redio mwenye nayo. Weka kwenye ohm ndogo (ohm ndo kipimo cha waya unavozuia umeme), gusa miguu miwili ya woofa, pale nyaya zinapoungwa, ikiwa haijaungwa popote. Spika ya 8 ohm haisomi 8 kwenye mita, hili linachanganya watu wengi sana, itasoma kama 5.5 mpaka 7 hivi, na ya 4 ohm itasoma kama 3 na kitu. Hiyo ni sawa kabisa, ile 8 ni ya mziki ukiwa unapita, mita inapima waya tu. Ikisoma ohm moja au sifuri koili imepiga shoti. Isiposoma kitu waya umekatika mahali, lakini usikate tamaa hapohapo, angalia zile nyaya mbili laini za kusuka zinazotoka kwenye miguu kwenda kwenye koni. Mara nyingi zinakatikia ndani ya nyuzi, kwa macho unaziona nzima. Zitikise huku mita imeshikwa, namba ikija na kupotea mwizi umempata. Hizo zinabadilishwa, chukua za kwenye spika iliyokufa ulehemu kwa risasi kidogo. Usiweke waya wa kawaida, ule mgumu utakatika ndani ya wiki kwasababu koni inacheza mamia ya mara kwa sekunde.

Cha tatu ni betri ya 1.5, ya tochi tu. Gusisha chanya ya betri kwenye mguu wenye alama nyekundu au jumlisha, hasi upande wa pili, sekunde moja, achia. Koni itaruka mbele na utasikia "tup". Ikiruka safi bila kukwaruza koili inapumua. Usiiache imegusa muda mrefu, unaipikia joto bure.

Kwa ulivoeleza, nakisia woofa zako zitafaulu vyote vitatu isipokuwa ule mkwaruzo wa upande mmoja. Tuendelee basi.

Sponji mpya unaagiza, mimi huwa naletewa kutoka Kariakoo kwa basi. Tatizo lipo kwenye saizi. Ukisema "inchi 10" tu utaletewa chochote. Chukua rula upime kipenyo cha nje pale sponji inapokaa kwenye fremu, kipenyo pale inapoungana na koni, na upana wa ule mviringo uliotuna wenyewe. Angalia pia kama ilibandikwa juu ya koni au kwa nyuma yake, maana zote zipo. Pima KABLA hujabandua mabaki. Nshawahi kubandua kwanza nikabaki nakisia, nikaagiza mara mbili.

Kubandua ndo kazi ya subira. Ziba kwanza sehemu zote za nyuma zenye uwazi kwa karatasi na selotepu unga usiingie kwenye sumaku. Mabaki kwenye fremu yakwangue kwa kisu butu, hapo ni chuma huna cha kuogopa. Kwenye koni weka kisu pembeni, tumia ukucha na pamba yenye spiriti kidogo, sugua, subiri, sugua. Koni ya karatasi ikilowa inakuwa kama andazi kwenye chai, ukiivuta inakuja na yenyewe, kwaiyo lowesha kipande, acha kikauke, nenda kingine. Ukimaliza koni moja kwa jioni nzima uko kwenye mwendo mzuri.

Ukikuta karatasi imechanika kidogo, kata kipande cha tishu, weka nyuma ya mpasuko kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa na maji kidogo, kisha kingine mbele. Usiweke supaglu hapo, inakauka ngumu kama kioo, mpasuko unahamia pembeni yake wiki ijayo.

Haya, gundi sasa. Kwa koni ya karatasi na sponji, ile gundi nyeupe ya maseremala inatosha sana, na sababu ya kuipenda ni kwamba inachelewa kukauka. Hapo ndo watu wananibishia, wanataka gundi ya viatu kwasababu inashika palepale. Tatizo ni hilohilo kushika palepale! Ukikosea milimita mbili hurudi tena, na dawa iliyomo inaweza kula sponji. Miaka ya mwanzo nikiwa na haraka nilibandika woofa ya mteja kwa gundi ya viatu saa tano, saa saba anakuja kuichukua, nawasha inakwaruza mbaya kuliko ilivokuja. Sikuweza kuibandua bila kuichana. Nikamlipa sponji na aibu juu. Ila kama koni yako ni ya plastiki inayong'aa na pembeni ni raba badala ya sponji, gundi nyeupe haitashika, hapo unahitaji gundi maalum ya raba na plastiki, na mtu wa mara ya kwanza simshauri.

Bandika upande wa koni kwanza. Paka nyembamba kote kote, laza sponji, zunguka nayo kwa kidole mara kadhaa mpaka ishike, alafu ACHA, lala, kesho yake ndo uje upande wa fremu. Watu wanabandika pande zote siku moja alafu wanashangaa.

Upande wa fremu ndo roho ya kazi yote, hapa nakuomba uzime simu. Paka gundi kwenye fremu, laza ukingo wa sponji, usikandamize bado. Sasa rudi kwenye kile kipimo cha kwanza, vidole pande mbili, shusha koni taratibu, sikiliza. Inakwaruza? Isukume koni nzima kidogo sana kuelekea upande wa pili, kama unasogeza kikombe kilichojaa chai, shusha tena. Utapata sehemu ambayo inashuka na kupanda kimya kabisa, pande zote nne. Ukishaipata chukua vibanio vya nguo, vile vya mbao au plastiki vya kwenye kamba, bana ukingo wa sponji na fremu kwa kuelekeana, kimoja huku kimoja kule, kama unavokaza nati za tairi, usizunguke upande mmoja. Kila ukiongeza vibanio viwili jaribu tena kushusha. Vibanio kumi na mbili hivi vinatosha inchi 10. Baada ya robo saa jaribu mara ya mwisho, gundi bado itakuwa inakubali kusogea. Baada ya hapo usiiguse kwa masaa 24, na kama ni masika ipe siku mbili, kwa hewa yetu gundi nyeupe inakauka kwa kujisikia.

Kuna njia ya pili, kukata kile kikofia cha katikati na kuchomeka vipande vya filamu ya eksirei kati ya koili na chuma mpaka gundi ikauke, alafu unavitoa unabandika kofia mpya. Ni ya uhakika zaidi, na kama kule mwanzo ulisikia mkwaruzo wa uchafu inakupa nafasi ya kusafisha upenyo, unakunja selotepu gundi ikae nje juu ya kadi nyembamba, unazungusha mule ndani inatoka na vumbi la chuma. Lakini kama vidole na sikio vinatosha, usikate kofia ya spika ya urithi.

Na tafadhali usifanyie kazi hii karibu na mtu anayekata au kusugua chuma. Sumaku ya woofa inavuta unga wa chuma hata wa mezani kwa jirani, ukishaingia kule kwenye upenyo kuutoa ni kazi ya siku nzima. Mimi kibanda changu cha kwanza kilikuwa ubavuni mwa mchomeleaji mageti, sitaki hata kukumbuka.

Tuje kwenye twita. Usiifungue. Koili ya twita ina waya kama unywele, kwa nyumbani haisukwi. Lakini kabla hujainunulia mwenzake, angalia kile kitu cha duara kama pipa dogo kilichoungwa kwenye waya wake, kapasita, kazi yake ni kuzuia besi isiende kwenye twita. Hizo zinakauka zikizeeka, na yako imekaa muda mrefu. Ukipima twita kupitia kapasita mita haitasoma kitu hata kama twita nzima, kwaiyo pima kwenye miguu ya twita yenyewe, mguu mmoja ukiwa umefunguliwa. Ikisoma ohm kadhaa twita iko hai, badilisha kapasita. Namba imeandikwa ubavuni, mfano 4.7 µF (maikrofaradi, kipimo cha kapasita), ambayo kwa twita ya 8 ohm inaanza kupitisha sauti kuanzia kama 4,200 Hz, yaani mitetemo 4,200 kwa sekunde, kwenda juu. Weka namba ileile na volti ileile au zaidi, na iwe ile isiyo na upande wa hasi na chanya, zile za kwenye pawasapulai zina upande, usiweke. Badilisha kwenye boksi zote mbili hata kama moja inapiga, la sivyo zitaimba tofauti.

Kama twita haisomi chochote, imeungua. (Zipo twita za piezo kwenye maboksi ya mziki wa mtaani, hizo hazina koili kabisa na mita haitasoma hata zikiwa nzima, ila kwenye spika za sebuleni za mzee sidhani.) Na hapa ndo shemeji anaingia. Watu wanaamini twita inauawa na amplifaya kubwa. Mara nyingi inauawa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa. Ikifika mwisho wa uwezo wake inaanza kukata vichwa vya mawimbi ya mziki, sauti inakuwa kali na chafu, na ule ukali wote unakwenda kwenye twita kama joto. Spika za nyumbani hata kawaida ni jiko kuliko spika: ukiipa wati 100, sauti inayotoka ni kama wati moja au pungufu, zilizobaki zote ni joto kwenye koili. Ukisikia mziki umeanza kuchanika sauti, punguza palepale.

Na kabla hujarudisha spika kwenye amplifaya ile ya harusini, ipime. Iwashe bila spika, bila mziki, mita kwenye volti za DC (umeme wa upande mmoja kama wa betri), gusa matundu ya kutolea sauti. Inatakiwa isome karibu na sifuri, milivolti chache tu. Ukiona volti nzima, mbili, tano, ishirini, amplifaya ina ugonjwa na itachoma koili ya kwanza utakayoiunga, hapo mpelekee fundi, usifungue mwenyewe, ndani kuna umeme wa 230 na kapasita kubwa zinazobaki na chaji hata ukichomoa waya. Ikiwa sawa, unga kila upande boksi moja tu. Kwenye harusi huwa mnaongeza za kuazima sambamba, mbili za 8 zinakuwa 4 ohm, nne zinakuwa 2, amplifaya ya sebuleni haibebi hiyo.

Ukishafunga tena, chukua ile betri, gusisha kwenye nyaya za boksi zote mbili kwa mpangilio uleule. Woofa zote zirukie mbele. Moja ikiruka mbele na nyingine ikirudi nyuma umegeuza nyaya, besi itapotea na utakuja kuniambia sponji mbovu. Piga kwa sauti ya chini siku mbili tatu sponji ilegee. Mji huu uliotoa bendi ya Atomic Jazz na taarabu za gitaa za Black Star na Lucky Star hukosi santuri ya kuzijaribia, na nahisi mzee alikuwa nazo, besi za magitaa yale zitakwambia ukweli kuliko mziki wa sasa.

Na kwa woofa ya pili usiseme "hii haikwaruzi niiache". Umesema pembeni pamekwisha zote mbili, agiza sponji nne kabisa, mbili za akiba, maana ya kwanza utaiharibu kidogo, sote tuliharibu. Na maboksi usiyaweke dirishani upepo wa kusi unapoingilia.